Siku Mbili Katika Korongo la Mto New: Hesabu Miteremko, Usihesabu Maili

Swali: Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Columbus, Ohio. Mwishoni mwa Oktoba tunataka kwenda West Virginia kuona New River Gorge: lile daraja maarufu, na zaidi migodi ya zamani ya makaa ya mawe. Tuna gari la viti saba, na shemeji anataka kufuatana nasi na trela lake la kulala. Kwenye ramani korongo lenyewe si refu, tukafikiri tuingie upande mmoja tufuate mto, tutokee upande wa pili siku hiyohiyo. Inawezekana? Watoto wana miaka 8, 11 na 14.

Jibu: Haiwezekani, na kinachowaponza wengi ni ramani yenyewe. Hakuna barabara inayofuata mto New ndani ya korongo mwanzo hadi mwisho. Kilichofuata mto ni reli, nayo ilichukua nafasi yote iliyokuwepo. Mahali pengi kati ya maji na mwamba panatosha mataruma tu. Barabara za magari zilibaki juu ukingoni. Ukitaka kuona kitu cha chini, unashuka, unatazama, unapanda tena. Madaraja ya kuvukia yatakayokufaa ni ya kuhesabu: Cotton Hill kwa barabara ya 16, Fayette Station kwenye kina cha korongo, lile kubwa la US 19 juu yake, Thurmond, Prince kwa barabara ya 41, Sandstone inapopita I-64, na Hinton. Ndiyo maana maili kumi za ramani zinaweza kula saa nzima.

Basi panga safari kwa kuhesabu miteremko. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 8, miteremko miwili kwa siku inatosha. Wa tatu mtaufanya gizani. Mwishoni mwa Oktoba jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na ndani ya korongo kivuli kinatangulia mapema zaidi. Chukueni siku mbili kamili na mlale Fayetteville au Beckley.

Na trela la shemeji libaki kambini. Fayette Station Road, barabara ya kwenda Thurmond na ile ya Keeneys Creek zote tatu hazifai trela wala gari-nyumba, na si suala la ustadi wa dereva. Kona za Fayette Station zimejikunja kiasi kwamba trela linakata kona ndani na kupanda ukingo wakati kichwa cha gari bado kiko upande wa pili, na ukikwama huna pa kugeuzia. Liacheni huko juu, wote mpande gari la viti saba.

Kabla ya njia yenyewe, jambo moja litakalowasaidia kuelewa kila magofu mtakayoyaona. Makaa ya hapa hayakuwa chini ya mto wala kileleni, yalikuwa ubavuni. Mto ulikuwa umeshaukata mlima na kuacha matabaka yake wazi, na tabaka la Sewell, makaa mazuri yanayotoa moshi kidogo, likachungulia kwenye ukuta wa korongo juu sana ya maji. Wachimbaji hawakuhitaji kuchimba shimo la kwenda chini. Waliingia ubavuni kwa mlalo, wakayatoa makaa kwenye kijiukumbi, yaani sehemu tambarare iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kisha likabaki swali gumu kuliko kuchimba: yatafikaje relini, huko chini kabisa, bila kusagika? Makaa yanayoporomoka yanapondeka, na vumbi la makaa halina bei ya makaa mazima. Kwa hiyo kila mgodi hapa umejengwa kwa wima: nyumba za watu juu au chini, mdomo wa mgodi katikati, mtambo wa kushushia, na reli mguuni. Ukiyajua hayo, kila bonge la zege mtakalolikuta porini litajieleza.

Reli yenyewe, Chesapeake and Ohio, ilikamilika mwaka 1873, na kabla yake hakukuwa na namna ya kuyatoa makaa hayo. Baada yake korongo lilijaa miji ya makampuni, ambako nyumba, duka na daktari vyote vilikuwa mali ya mwajiri. Migodi mingi ilikuwa imekufa kufikia miaka ya 1950 na 1960. Eneo lilianza kulindwa na serikali kuu mwaka 1978, na likapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Desemba 2020. Hakuna kiingilio.

Siku ya kwanza

Kutoka Columbus ni mwendo wa saa tatu na nusu hadi nne. Wengi hushuka na US 35 hadi karibu na Charleston, kisha wakaingia barabara kuu ya kulipia kuelekea Beckley. Ni haraka, lakini inawavusha bila kuwaonyesha kitu. Kwa safari yenu nashauri mwache barabara hiyo Charleston na kushika US 60 kuelekea mashariki. Itawapitisha Gauley Bridge, pale mto New na mto Gauley vinapokutana na kuwa mto Kanawha, halafu itapanda kwa kona nyingi hadi Ansted. Ni barabara ya lami nzuri, pana ya kutosha, na ni mazoezi mepesi ya kona kabla ya zile kali.

Karibu na Ansted simameni Hawks Nest. Mandhari ni ya kupigia picha: mto umepinda chini, na bwawa limeuzuia. Tazameni vizuri upande wa chini wa bwawa, mtaona mkondo wenye maji kidogo mno kwa mto mkubwa hivyo. Maji yameelekezwa kwenye handaki la takriban maili tatu lililotobolewa katika mlima Gauley kuanzia mwaka 1930, kuzalisha umeme kwa kampuni tanzu ya Union Carbide. Mwamba ulikuwa na silika nyingi sana (madini yale ya mchanga), ukatobolewa mkavu bila maji ya kutuliza vumbi, na vibarua waliopewa kazi ya ndani wengi walikuwa Waamerika Weusi waliotoka kusini kutafuta riziki wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Silika ikiingia mapafuni hukata na kuacha makovu, mapafu yanakakamaa, na kwa vumbi zito namna ile haipiti hata miaka michache kabla ya kifo. Vifo vilivyokubaliwa ni 109. Kikao cha Bunge la Marekani mwaka 1936 kilitaja 476. Uchunguzi wa baadaye ulikadiria 764. Handaki si mgodi, lakini mtu akitaka kujua thamani ya mchimbaji ilikuwaje siku zile, aanzie hapa. Mtoto wa miaka 14 ataelewa. Mwelezeni.

Endeleeni na US 60 hadi Hico, mshike US 19 kuelekea kusini, na kabla tu ya daraja ingieni Canyon Rim, kituo cha wageni kilichopo upande wa kaskazini. Hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Fanyeni mambo matatu hapo: chukueni ramani ya karatasi, ulizeni kama kuna barabara iliyofungwa, na pakueni kwenye simu maelezo ya sauti ya Fayette Station Road kabla ya kushuka, kwa kuwa chini mtandao haushiki. Njia ya mbao inashuka kwa ngazi 178 hadi mahali pa kutazamia daraja kwa ukamilifu. Mwenye magoti mabovu atosheke na kile cha juu.

Daraja lenyewe lilifunguliwa Oktoba 1977. Urefu wake ni mita 924, tao lake lina mita 518 kutoka mguu hadi mguu, na kutoka barabarani hadi majini ni mita 267. Hadi mwaka 2003 hakukuwa na daraja la tao moja refu kulishinda duniani. Watoto watauliza mbona limeota kutu. Kutu hiyo ni ya makusudi: chuma chake ni cha aina inayojivika gamba la kutu la juu, na gamba hilo hulinda chuma cha ndani. Hakihitaji kupakwa rangi, na ukifikiria nani angeenda kupaka rangi mita 267 hewani utaona kwa nini walikichagua. Kilichosahaulika ni kwamba ukilivuka kwa gari huoni kitu. Kuta za pembeni zinaziba, na chini ya dakika moja umeshafika ng'ambo. Ndiyo maana lazima mshuke.

Fayette Station Road ndiyo iliyokuwa njia ya kuvuka kabla ya daraja. Ina maili nane hivi, yaani kilomita 13, na inachukua kama dakika 40 bila kusimama. Wekeni saa moja na nusu. Sehemu kubwa ni ya kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo anzeni upande wa kaskazini, kwa Canyon Rim, mtokee Fayetteville. Ukijaribu kinyume utakutana na alama za kukukataza, na ukizipuuza utakutana na gari usoni.

Kosa linaloharibu safari hapa ni breki. Mteremko hauonekani mkali kwa macho, dereva anaacha gia kwenye D na kuegemea kanyagio kidogo kidogo njia nzima. Gari la viti saba lenye watu na mizigo lina uzito. Breki inayoburuzwa mfululizo haipati muda wa kupoa, joto linapanda, na kanyagio linaanza kuwa laini au kuhitaji nguvu zaidi kuliko mwanzo. Dalili ya kwanza ni harufu kali ya kitu kilichoungua. Fanya hivi: kabla ya kona ya kwanza weka gia ya chini, iwe L, 2, B au ya kuchagua kwa mkono, injini ishike gari. Tembea maili 10 hadi 15 kwa saa. Mwendo ukizidi, kanyaga kwa nguvu ya kutosha kuupunguza, kisha achia kabisa. Kanyaga, achia. Harufu ikitokea, ingia kwenye nafasi ya pembeni, zima gari likiwa P, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, na subiri nusu saa. Usimwage maji: diski yenye moto ikipata maji baridi inapinda au kupasuka. Na abiria yeyote asishuke upande wa bonde.

Chini kuna daraja jembamba la chuma lenye mbao, na ukitazama juu ndipo utakapolielewa lile la mita 267. Kuna jambo hapa ambalo mpenzi wa ndondi hapaswi kulipita. Daraja hilo dogo limepewa jina la Tunney Hunsaker, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Fayetteville. Tarehe 29 Oktoba 1960, huko Louisville, alipanda ulingoni na kijana aliyekuwa akipigana kwa mara ya kwanza kama bondia wa kulipwa, akashindwa kwa pointi katika raundi sita. Kijana huyo alikuwa Cassius Clay, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Muhammad Ali.

Baada ya chakula cha mchana Fayetteville, chagueni mgodi mmoja kati ya miwili. Msijaribu yote siku hiyohiyo.

Kaymoor iko karibu zaidi. Mnafika kwa gari hadi juu, kupitia Gatewood Road, kisha mnashuka kwa miguu. Njia ya Kaymoor Miners ni kama maili moja kwenda, lakini maili hiyo ni ya kuning'inia. Sehemu ya kwanza inashuka kwa mawe na vizigizagi hadi kwenye kile kijiukumbi cha mgodi. Hapo mnakuta mdomo wa mgodi uliofungwa kwa vyuma, majengo yaliyobomoka, na bango la zamani lenye kuwakumbusha wachimbaji kwamba familia zao zinataka wafanye kazi kwa usalama. Mgodi ulifanya kazi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1900 hadi 1962, ukianza kama mali ya Low Moor Iron Company ya Virginia, ambayo ilihitaji makaa kwa tanuri zake za chuma. Kutoka kijiukumbi hicho ngazi 821 zinashuka hadi mahali pa kuchekechea makaa na tanuri za koki (makaa yaliyochomwa kwanza ili yafae kuyeyushia chuma) mguuni mwa mlima. Ngazi 821 za kushuka ni mchezo. Za kupanda mwisho wa siku, na mtoto wa miaka 8, ni adhabu. Kwa familia yenu shukeni hadi mgodini tu, mrudi. Kama wawili wenye nguvu wanataka kwenda hadi chini, wabebe lita mbili za maji kila mtu na waanze kabla ya saa nane mchana.

Nuttallburg ni ndefu kufika lakini rahisi kutembea, na kwa maoni yangu ndiyo yenye mengi ya kuona katika korongo zima. John Nuttall, Mwingereza, alianza kuiandaa mwaka 1870 kabla reli haijafika. Alikuwa amepima itapita wapi. Miaka ya 1920 Henry Ford aliikodi ili apate makaa ya viwanda vyake vya chuma kule Michigan. Alitaka kumiliki kila kitu kuanzia mgodi hadi gari dukani, na alichoshindwa kukimiliki ni reli iliyopita mguuni mwa mgodi wake. Mwaka 1928 aliuza. Alichoacha ni mtambo wa kushushia makaa wenye urefu wa futi 1,385, kama mita 422, ukiteremka mlimani ndani ya handaki la mabati hadi jengo la kupakilia. Nendeni mkasimame chini yake mtazame juu: ndani mlikuwa na kamba ya chuma yenye visahani vya duara, vinavyoyabana makaa yateremke polepole badala ya kuporomoka. Kumbukeni lile swali la kusagika. Hilo ndilo jibu la gharama kubwa kuliko yote lililojengwa hapa. Mgodi ulifungwa mwaka 1958.

Pembeni mtaona safu ya tanuri za koki, vyumba vya matofali vyenye dari la mviringo kama mzinga wa nyuki. Makaa yalifungiwa ndani yakaungua kwa hewa kidogo siku mbili au tatu hadi gesi zote ziishe, ikabaki koki, kitu kigumu chenye vitundu kinachofaa kuyeyushia chuma. Miti imeota juu ya dari nyingi. Watoto wasiingie ndani. Matofali yanashikiliwa na mizizi.

Mji wenyewe ulikatwa na kijito cha Short Creek, weupe upande mmoja, weusi upande wa pili, kila upande na shule na kanisa lake. Carter G. Woodson, mwanahistoria aliyeanzisha mwaka 1926 wiki ya historia ya Weusi ambayo leo ni mwezi mzima wa Februari, alifanya kazi ya mgodini huku alipokuwa kijana, na baadaye akafundisha shule Winona, kijiji mtakachokipita njiani.

Kutoka Winona mnashuka kwa Keeneys Creek Road, na hii inahitaji adabu kuliko Fayette Station, kwa kuwa ni ya gari moja lakini magari yanatoka pande zote mbili. Taa ziwe zimewashwa. Kabla ya kona isiyoonekana piga honi fupi. Mkikutana, anayerudi nyuma ni aliye karibu na nafasi ya kupishania. Mkiwa sawa, mpisheni anayepanda, maana kuondoka kwenye mlima ni kugumu kwake. Dereva asiyejua kurudi nyuma kwa kutumia vioo asichukue usukani siku hiyo. Mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku, achaneni na Nuttallburg mwende Kaymoor.

Siku ya pili

Asubuhi ya Oktoba korongo hujaa ukungu, mweupe kama pamba iliyomwagwa bondeni. Anayekwenda kwenye mandhari ya juu saa mbili asubuhi anaona ukuta mweupe tu. Mara nyingi hupanda na kutawanyika kufikia saa nne. Tumieni saa hizo za ukungu kwenda chini, Thurmond, kisha mandhari ya juu yafuate mchana.

Thurmond inafikiwa kutoka Glen Jean kwa barabara ya 25, maili saba hivi, nyembamba, ikifuata kijito cha Dunloup. Mwishoni mnavuka mto kwa daraja la gari moja lililopachikwa ubavuni mwa daraja la reli. Subirini, hakikisheni hakuna gari upande wa pili, ndipo muingie. Kapteni W. D. Thurmond alilipwa ekari 73 za hapa mwaka 1873 kama ujira wa kazi ya upimaji ardhi, na ilionekana malipo ya dhihaka. Kufikia miaka ya 1910 kituo hiki kilikuwa kinaingizia Chesapeake and Ohio mapato ya mizigo kuliko Cincinnati na Richmond zikiunganishwa. Mji haukuwa na barabara kuu. Barabara kuu ilikuwa reli, na milango ya benki na maduka ilifunguka kuelekea mataruma. Majengo hayo bado yamesimama, madirisha yakiwa yamefungwa. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi watano.

Mtaona mnara mkubwa wa zege uliokula umri, wa mwaka 1922, uliokuwa ukihifadhi tani 500 za makaa za kulishia vichwa vya treni za mvuke. Ukitaka sababu moja ya mji kufa, ni huo mnara: treni za dizeli hazikuhitaji makaa wala maji, hazikuwa na haja ya kusimama. Kituo cha treni, cha mwaka 1904, ni kituo cha wageni wakati wa kiangazi. Mwishoni mwa Oktoba mkikikuta kimefungwa msishangae. Mji wenyewe uko wazi muda wote. Hakuna duka, hakuna mafuta, hakuna chakula.

Jambo la kuwaeleza watoto kabla hawajafungua mlango wa gari: reli hiyo si makumbusho. Treni za mizigo za CSX zinapita hapo usiku na mchana, na ya abiria ya Amtrak, Cardinal, hupita siku tatu kwa wiki. Korongo linameza sauti. Treni inayotokea nyuma ya kona husikika ikiwa imeshafika. Kutembea juu ya reli kwa ajili ya picha ni hatari na ni kosa la kisheria. Vukeni penye kivuko, mtazame pande zote mbili, mwende zenu.

Kutoka hapo rudini US 19 hadi Beckley, kwenye mgodi wa maonyesho wa jiji. Huu una kiingilio, na huendeshwa kuanzia Aprili hadi mwanzo wa Novemba, hivyo tarehe zenu zinaingia kwa shida; thibitisheni kabla. Mnaketi kwenye behewa dogo la wachimbaji, mwongozaji aliyewahi kuchimba makaa anawapeleka ndani. Hapo ndipo mtakapoona urefu halisi wa tabaka: mtu mzima alifanya kazi akiwa amepiga magoti au amelala ubavu, mchana kutwa, akilipwa kwa tani, na kazi ya kuegemeza dari kwa magogo haikuhesabiwa kwenye ujira. Ndani ni nyuzi 14 za selsiasi majira yote. Bebeni sweta.

Hii ndiyo njia pekee halali ya kuingia mgodini katika safari yenu. Matundu mtakayoyaona porini yamefungwa kwa vyuma kwa sababu ya hewa zaidi ya dari. Makaa na mbao zilizooza hula oksijeni, ikabaki hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu anahisi usingizi, anaketi, hainuki. Anayemfuata kumwokoa anaketi kando yake. Methani nayo ililipuka mara kwa mara migodini: Machi 1900, mgodi wa Red Ash, humuhumu korongoni, mlipuko uliua watu 46.

Malizieni mchana Grandview, kwa I-64 kutoka Beckley, njia ya kutokea namba 129B. Mto uko mita 427 chini yenu, umejikunja kama kiatu cha farasi, na reli inaonekana kama uzi. Hakuna gia ya kubadilisha, hakuna ngazi 821, na vyoo ni visafi. Kama mna siku ya tatu, endeleeni hadi Hinton, mfuate River Road maili nane hadi maporomoko ya Sandstone. Hicho ni kipande kimoja mtakachoendesha mkiwa kando ya mto kweli. Maporomoko si marefu, lakini yana upana wa futi 1,500, kama mita 457, na njia ya mbao inawafikisha hadi karibu. Miguu isiguse maji, hata panapoonekana pametulia. Mto huu hushuka futi 750 katika maili 50, mawe yake yamechimbwa kwa chini, na mguu ukinasa kwenye ufa mkondo unakulaza kifudifudi.

Mengine machache

Tazameni kalenda kabla ya kukodi chumba. Jumamosi ya tatu ya Oktoba ni Bridge Day: daraja la US 19 hufungwa kwa magari sehemu kubwa ya mchana, watu wenye parachuti wanaruka kutoka juu, na vyumba vya kulala vinajaa mbali sana. Kama hamwendi kwa ajili ya hiyo, epukeni wikendi hiyo. Rangi za majani huwa nzuri karibu na kipindi hichohicho, zikianza juu ukingoni na kuteremka bondeni siku chache baadaye.

Jazeni tangi Oak Hill au Beckley asubuhi zote mbili. Korongoni hakuna kituo. Ramani ya simu ihifadhiwe isome bila mtandao, na ikikupa njia ya mkato kati ya Thurmond na Nuttallburg, usiitii. Kuna njia za mkokoteni huko ambazo programu inaziita barabara. Hakikisheni tairi la akiba lina upepo na jeki ipo, kwa sababu gari la kuvuta litachukua saa nyingi kufika, na kwanza itabidi mtu apande juu kutafuta mtandao wa kuliita.

Uwindaji unaruhusiwa katika sehemu ya eneo hili msimu wa mapukutiko, hivyo wavalisheni watoto kitu cha rangi ya machungwa kali. Nyoka wenye sumu wa aina mbili wanapenda kuota jua kwenye mawe ya magofu hata Oktoba siku ikiwa na joto. Mkono usiende mahali jicho halijaona. Kagueni kupe jioni, nyuma ya magoti na shingoni. Na ule mmea unaotambaa wenye majani matatu matatu, uliofunika nusu ya kuta za Nuttallburg, huwasha ngozi hata ukiwa umepukutika majani.

Shemeji akiuliza tena kuhusu trela, mwambieni alivute hadi Grandview siku ya pili. Barabara ya huko inalibeba bila shida, na maegesho yana nafasi ya kugeuzia.